Usiku picha safi, mchana inaganda: jibu kwa Mwalimu wa Bahi

Swali

"Kijana wangu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, makazi yangu ni Bahi, si mbali na stesheni ya reli. Natumia king'amuzi cha antena, siyo cha dishi. Usiku picha inakaa vizuri mpaka asubuhi. Mchana, zaidi kuanzia saa saba hadi saa kumi, inakatika vipande vipande, inaganda, kisha yanatokea maandishi kwamba hakuna mawimbi. Nimeandika kwenye daftari wiki tatu na saa hazibadiliki sana. Fundi wa hapa alikuja jioni baada ya kazi zake, akanifungia busta ya kukuza mawimbi nyuma ya TV. Tangu hapo mstari wa nguvu unasoma 92, wa ubora unasoma 20 na kitu, mchana umekuwa mbaya zaidi na hata usiku picha inakwama mara moja moja. Sasa anasema niongeze bomba la antena kutoka mita 6 hadi 12. Mwanangu aliye Dar anasema niachane na antena ninunue dishi. Jirani yangu, hatua kama hamsini kutoka kwangu, anaangalia mchana kutwa kwa antena ya kawaida tu. Nyuma ya nyumba yangu kuna mnara wa simu, sijui kama unahusika. Nifanye nini kabla sijatoa hela nyingine?"

Jibu

Mbukwenyi Mwalimu, na shikamoo.

Kwanza nakushukuru kwa hilo daftari. Nimefunga antena na kufungua antena za watu katika mkoa wetu kwa miaka mingi, na kwa kawaida ninachoambiwa ni "TV inasumbua" basi. Anayekuja na saa alizoziandika mwenyewe, wiki tatu mfululizo, amekwisha kufanya nusu ya kazi yangu. Saa zako ndizo zilizonipa jibu, na jibu lenyewe ni hili: usinunue bomba, busta ing'oe, na antena ifungwe upya saa nane mchana. Si jioni, wala si usiku. Antena yako ilielekezwa kwa mawimbi ya jioni, na mawimbi ya jioni huko Bahi si yale utakayokuwa nayo kesho mchana.

Naomba nieleze kwa nini, maana ukishaelewa hutahitaji fundi wa kukuelekeza kila mara.

Kutoka Dodoma mjini hadi kwenu, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita hamsini na kitu. Mji uko juu kwenye nyanda, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na nchi inashuka kuja kwenu hadi kwenye mbuga, pale maji yanapotuama na watu wanalima mpunga. Mita mia mbili na zaidi ninyi mko chini kuliko mji. Ukisimama uwanjani kwako ukatazama mashariki, nchi yote iliyo kati yako na mji ni mwinuko. Mawimbi ya televisheni ya UHF, yaani yale ya masafa ya juu ambayo king'amuzi cha antena hutumia, husafiri karibu kama mwanga: yanataka njia wazi, yakikuta ukingo wa ardhi yanajikunja kidogo tu kuufuata, na yanayojikunja yanafika yamechoka. Kwa hiyo Bahi si mahali pasipo na mawimbi, ila ni ukingoni. Mtu wa Nzuguni au Nala akifunga antena vibaya bado ataona picha. Wewe ukikosea kidogo tu umekosa.

Sasa hewa. Usiku wa huku kwetu, hasa kiangazi, anga haina mawingu na hewa ni kavu. Jua likizama ardhi inapoa haraka sana, na hewa iliyoigusa inapoa nayo, inalala bondeni kama blanketi, huku juu yake kukiwa na hewa yenye joto zaidi. Wewe mwenyewe unaijua baridi ya alfajiri ya mwezi wa saba. Mawimbi yanayopita mpakani mwa tabaka hizo mbili huinamishwa kuelekea chini. Yale ambayo yangepita juu ya paa lako na kwenda zake yanashuka na kuifikia antena. Jua likichomoza na kupanda, ardhi inachemka, hewa inapanda juu na kuchanganyika, tabaka zinavunjika. Kufikia saa saba au saa nane ule msaada wa hewa umekwisha, na hewa yenyewe haitulii. Linganisha na daftari lako uone. Inapoanza kuharibika ni saa saba, inapoanza kutengemaa ni saa kumi. Hiyo ni ratiba ya jua, na king'amuzi kibovu hakifuati ratiba ya jua.

Ndiyo maana nasema mawimbi ya mchana ndiyo mawimbi yako halisi. Ya usiku ni takrima. Fundi wako alikuja jioni, akageuza antena, picha ikatokea, akafunga nati akaondoka. Simlaumu, kwa sababu ndiyo saa aliyokuwa na nafasi, na mafundi wengi tunafanya hivyo. Lakini kwa saa hiyo antena ingeweza kuwa imepotoka nyuzi ishirini na bado picha ingetoka, kwa sababu hewa ilikuwa inamsaidia. Kesho yake mchana msaada ukaondoka, ule upotofu ukajitokeza.

Hapo utauliza: kwa nini picha haiharibiki polepole? Unakumbuka TV za zamani. Kabla mitambo ya analogia haijazimwa, Dar es Salaam mwisho wa 2012 na hapa Dodoma mwanzoni mwa 2013, mawimbi yakipungua ulikuwa unaona chenga. Na mtu wa Bahi hahitaji kuelezwa chenga ni nini: mchele wenye chenga bado ni mchele, unapikika, unalika. Watu waliangalia mpira mzima kwenye chenga, wakajua nani kafunga. Zile chenga zilikuwa zinakwambia umebakiza kiasi gani. Dijitali haina chenga. Picha iko kamili, halafu kwa upungufu mdogo sana inakatika miraba, inaganda, inatoweka.

Sababu yake ni namna picha inavyotumwa. Chukua mfano wa imla darasani. Mwalimu anasoma, na kwa sababu anajua darasa lina kelele, anarudia maneno na kuyasoma kwa mpangilio, ili aliyekosa herufi mbili tatu aweze kuzijaza mwenyewe. Mtambo wa dijitali unafanya jambo la namna hiyo hiyo: kila fungu la picha linaambatana na taarifa za ziada za kusahihishia makosa. Katika DVB-T2, mfumo wa kurusha televisheni ya dijitali kwa antena ambao kanuni zake zilitolewa 2009, usahihishaji huo ni hodari mno. Makosa mengi yanarekebishwa wewe usijue lolote, picha inabaki kama kioo. Lakini kuna kiwango ambacho kelele zikikipita, marudio hayaokoi tena, na mwanafunzi hakosi neno moja bali anapoteza aya nzima. Kwa hiyo usiku unaweza kuwa juu ya kiwango hicho kwa unywele mmoja, ukaona picha safi kabisa na kuamini antena yako ni nzuri. Siyo nzuri. Imepita tu.

Na hapa ndipo ile mistari miwili kwenye skrini inapohusika, ambayo watu wengi wanaitazama vibaya. Kwa mfano wetu wa darasa, nguvu ni ukubwa wa sauti yote iliyomo darasani: ya mwalimu, ya watoto wanaopiga soga, ya trekta linalopita nje. King'amuzi kinapopima nguvu hakitenganishi. Ubora ni maneno mangapi ya mwalimu yamesikika sawasawa. Mwalimu, ukiniandikia "nguvu 92, ubora 20" umeniandikia hivi: darasa lina makelele makubwa na imla haisikiki. Kama nguvu ingekuwa 45 na ubora 70 ningekwambia lala usingizi.

Busta ni kipaza sauti kilichowekwa katikati ya darasa hilo. Kinakuza kila kitu, na chenyewe kinaongeza mlio wake. Haiwezi kuleta neno ambalo antena haikulikamata. Na yako imewekwa nyuma ya TV, baada ya mawimbi kusafiri waya mzima na kupungua njiani; inakuza mabaki pamoja na uchafu wote uliookotwa. Busta ina mahali pake, nitapataja, lakini nyuma ya TV si hapo.

Kuna jambo la pili linalohusu busta, na umelitaja mwenyewe bila kujua uzito wake. Huo mnara wa simu unahusika. Zamani televisheni ilikuwa na masafa ya UHF kuanzia megahezi 470 hadi 862. Kisha dunia ikakubaliana kuikata sehemu ya juu na kuipa simu. Hapa kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilinadi masafa ya megahezi 700 mwaka 2018, na ya 800 nayo yamekwenda kwa simu. Televisheni imebaki na 470 hadi 694. Lakini busta nyingi zinazouzwa madukani, na antena zake, bado zimetengenezwa kwa kipimo cha zamani, na boksi limeandikwa 470–862. Maana yake busta yako inaipokea intaneti ya simu kutoka mnara ulio nyuma ya nyumba kwa mikono miwili. Mnara huo uko hatua chache, wa televisheni uko kilomita hamsini. Kile kikubwa kinaijaza busta mpaka inalemewa, na ikilemewa inayapotosha mawimbi yote na kuzalisha takataka juu ya masafa ya TV. Hiyo ndiyo 92 yako. Hata simu ya mkononi ikitumika karibu na busta ya namna hii inaweza kuikwaza picha kwa sekunde kadhaa.

Jaribio lake ni dakika tano. Saa nane mchana andika nguvu na ubora kama zilivyo. Kisha chomoa busta kabisa na uunganishe waya wa antena moja kwa moja kwenye king'amuzi. Usizime tu umeme wake ukaiacha njiani, kwa sababu busta isiyo na umeme inaziba mawimbi kama kizibo. Soma tena. Nategemea nguvu itashuka sana, pengine ikutishe, na ubora utapanda. Ukiona hivyo, rudisha busta kwa aliyekuuzia kama anapokea, au iweke kabatini.

Baada ya hapo tunaenda kwenye antena yenyewe. Hapa sitaharakisha, maana ndipo penye dawa.

Chukua TV ndogo na king'amuzi, vitoe nje, viweke juu ya meza chini ya bomba la antena, na utumie kipande kifupi cha waya, mita mbili tatu. Kivuli kiwepo ili uone skrini. Najua ni usumbufu, lakini acha ule mtindo wa baba juu ya paa, mtoto dirishani, na mama sebuleni anayepaza sauti "hapo hapo, umepitiliza!" King'amuzi kinachelewa kutoa hesabu; ukigeuza antena, namba inayoonekana sasa ni ya pale ulipokuwa sekunde kadhaa zilizopita. Geuza kiasi cha upana wa vidole viwili, subiri mpaka uhesabu kumi, soma ubora, andika, geuza tena. Kutoka Bahi, mji uko mashariki ukiinamia kusini kidogo. Anzia huko, lakini usiishie pale picha inapotokea. Endelea kugeuza mpaka ubora uanze kushuka upande wa pili, kisha rudi katikati ya hizo sehemu mbili. Na ukitumia waya huo mfupi, ukaona ubora umekuwa mzuri, lakini ukirudi ndani kwa waya wa zamani unaporomoka, basi umempata mwizi: ni waya, si antena.

Angalia jinsi vijiti vilivyolala. Kama mtambo unatuma kwa mlalo, vijiti vya antena vilale sambamba na ardhi. Kama ni kwa wima, visimame. Ukiviweka kinyume unaweza kupoteza desibeli 15 na zaidi. Desibeli, kwa atakayesoma naye, ni hesabu ya mara ngapi: kila 3 ni mara mbili, kila 10 ni mara kumi. Kwa hiyo 15 ni zaidi ya mara thelathini ya nguvu, inapotea kwa sababu tu ya vijiti kulazwa vibaya. Huna haja ya kumuuliza mtu, jirani yako anapata mchana kutwa. Nenda uone vya kwake vimelalaje na vinatazama wapi.

Na huyo jirani, kwa nini hatua hamsini zinaleta tofauti? Kwa sababu mawimbi hayaji kwa njia moja. Yapo yanayokuja moja kwa moja, yapo yaliyogonga ardhi, yapo yaliyogonga bati la nyumba ya pili au tenki la maji. Yanapokutana kwenye antena, mahali pengine yanasaidiana, mahali pengine yanauana. Chukua chaneli ya 30 ya UHF, megahezi 546: urefu wa wimbi lake ni kama sentimita 55. Kwa vipimo hivyo, kuisogeza antena sentimita 30 tu, juu, chini au pembeni, kunaweza kukutoa kwenye shimo na kukuweka kwenye kilima. Kwa hiyo kabla ya kufikiria bomba la mita 12, shusha antena kwenye hili la mita 6 kwa nusu mita, usome. Isogeze kona nyingine ya nyumba, usome. Niliwahi kufanya kazi hii kwa mjane mmoja upande wa Hombolo. Tulipanda juu, tukapanda tena, ubora ukazidi kushuka. Mwisho kijana wangu alichoka, akaishusha antena akaiegemeza kwenye tanki la maji lililosimama upande wa magharibi wa nyumba, chini kabisa ya pale tulipoanzia. Ubora ulikaa 68 na haukutikisika mchana wote. Tulifunga pale pale.

Uangalie pia mti. Mwarobaini ulio upande wa mashariki wa nyumba, karibu na antena, ni ukuta wa maji uliosimama. Majani yana maji na mawimbi ya UHF yanamezwa humo. Mwarobaini hauachi majani kiangazi, kwa hiyo utakusumbua mwaka mzima. Mbuyu ni tofauti, ukiwa mtupu mwezi wa nane hautakuzuia sana, mvua za Desemba zikishuka na majani yakatoka ndipo unashangaa picha imekufa na hukugusa kitu. Kama kuna tawi la kukata, likate kabla ya kununua chochote.

Sasa bomba la mita 12. Kama ulifundisha hisabati utalipenda hili. Umbali wa upeo wa mawimbi, kwa kilomita, ni 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, ukijumlisha 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako. Tufanye mnara umesimama mita 100 juu ya nchi inayouzunguka: kipeuo chake ni 10, hiyo ni kilomita 41.2. Bomba lako la mita 6 linaongeza kilomita 10.1. Jumla 51. Ukienda mita 12, sehemu yako inakuwa 14.3, jumla 55. Umeongeza bomba maradufu, umepata kilomita nne. Hiyo ni hesabu ya ardhi tambarare, na kwenu kuna mwinuko katikati, kwa hiyo usiichukue kama kipimo cha uwanja wako. Ichukue kama onyo kwamba urefu wa bomba haulipi kama watu wanavyodhani. Sisemi hausaidii kabisa. Mahali wazi, kuinua antena mara mbili kunaweza kuleta desibeli kadhaa, na kwa mtu wa ukingoni desibeli tatu ni kitu. Lakini bomba la mita 12 katika upepo wetu wa mwezi wa nane linataka kamba za kulishikilia pande tatu, tena kwa ngazi mbili. Antena inayoyumba inakatisha picha kuliko antena fupi iliyotulia. Linavuta radi pia, lazima lipelekwe ardhini kwa waya mnene na fimbo iliyozikwa. Na tafadhali sana, Mwalimu, kama waya wa TANESCO unapita karibu na nyumba, hakikisha bomba likianguka upande wowote haliufikii. Kazi hiyo isifanywe na mtu mmoja mwenye ngazi ya kuazima.

Waya nao. Waya mzuri wa ohm 75, ule mnene ambao mafundi tunauita RG6, unapoteza karibu desibeli 2 kila mita 10 kwenye masafa haya. Ule mwembamba mweupe unaokuja bure na antena unapoteza zaidi. Usiuunge kwa kusokota na kuzungushia utepe mweusi. Kiungo cha namna hiyo ni mlango wa maji. Mwaka juzi nilifungua kisanduku kidogo kwenye antena ya nyumba moja Chamwino, wenyewe wakiwa wamekwisha kubadilisha vingamuzi viwili. Kifuniko kilikuwa kimepasuka kwa jua. Ndani nilikuta udongo wa nyigu umejazwa mpaka pomoni, na chini yake skrubu ya shaba imeota ukungu wa kijani. Nilipochuna waya, zile nyuzi za kuzunguka, ambazo zinatakiwa kung'aa kama fedha, zilikuwa nyeusi na zinavunjika kama nywele zilizoungua, karibu mkono mzima kuingia ndani. Nilikata mita moja na nusu ndipo nikafikia penye kung'aa. Tulibadilisha waya na pini zake, basi. Vingamuzi vile viwili vilikuwa vizima.

Kwa hiyo fungua kisanduku cha antena yako uangalie. Ukiweka waya mpya, uache uning'inie kidogo kama tumbo kabla haujaingia dirishani, ili maji ya mvua yadondoke pale na yasiufuate mpaka kwenye TV.

Kama antena yenyewe ni ile yenye vijiti virefu kama mkono wa mtu mzima, hiyo ni ya VHF, masafa ya chini ya zama za analogia, haikufai. Inayokufaa ni ya UHF, vijiti vifupi vimepangwa kwenye mhimili mrefu, na kama utainunua mpya tafuta iliyoandikwa 470–694. Usivutwe na wingi wa vijiti: ukirefusha mhimili mara mbili unaongeza desibeli mbili hivi, haizidi tatu. Zile zenye mota ya kuzungusha kwa rimoti, kwa mtu wa Bahi anayepokea kutoka upande mmoja tu, ni kitu cha kuharibika bure.

Ukifanya haya yote na ubora wa mchana bado unasita, hapo ndipo busta inapopata nafasi yake: juu kwenye bomba, sentimita chache kutoka kwenye antena, kabla ya waya mrefu, iwe yenye ukuzaji mdogo, na mbele yake kichujio cha kuzuia masafa ya simu. Inapewa umeme kupitia waya ule ule wa antena. Ila pima kwanza bila hiyo.

Kuhusu dishi, mwanao hajakosea. Dishi linatazama angani, mwinuko ulio kati yako na mji haulihusu, na huko kwenu ambako mvua ni miezi michache lingekaa vizuri sehemu kubwa ya mwaka. Mimi mwenyewe nimewafungia watu wa vijiji vilivyo nyuma ya milima ya Mpwapwa, ambako antena ni kupoteza muda. Lakini wewe hukai nyuma ya mlima. Jirani yako anapata mchana kutwa kwa antena ya kawaida, na huo ni ushahidi kwamba mawimbi yapo mtaani kwenu. Kwa nini ununue king'amuzi kingine na malipo yake ya kila mwezi kabla ya kutumia mchana mmoja wa Jumamosi? Kama umezunguka kiwanja chote saa nane mchana, umebadilisha waya, na hakuna kona inayokupa ubora unaotulia, nunua dishi bila kujuta.

Jambo la mwisho, watu wengi wanaumia hapa. Chaneli zikipotea mchana usikimbilie kwenye menyu kutafuta chaneli upya. King'amuzi kikitafuta wakati mawimbi yamezama, hakitakuta kitu, na vingi vinafuta orodha ya zamani. Utabaki huna hata zile ulizokuwa nazo. Masafa mamoja yanabeba kundi la chaneli nyingi, zinaondoka pamoja na zinarudi pamoja, kwa hiyo subiri. Kutafuta chaneli fanya alfajiri, saa kumi na moja au kumi na mbili, hewa ikiwa imelala na kila kundi linafika. Takrima ile ya usiku hapo inakusaidia. Kuelekeza antena ndiko kufanyike mchana wa jua kali.

Ukimaliza jaribio la busta, niandikie namba nne: nguvu na ubora wa saa nane busta ikiwepo, na nguvu na ubora wa saa nane ikiwa imeondolewa. Uniambie na vijiti vya jirani vimelala au vimesimama, na kama kuna mti upande wa mashariki. Kwa hayo nitakuambia kama kichujio kinahitajika au waya mpya utatosha.

Wasalimie nyumbani, Mwalimu.